Hiyo 240 imetoka wapi? Barua ya wazi kwa mnaoidhinisha mishahara

Kwa wakurugenzi, mameneja wa rasilimali watu, wahasibu wakuu, na ninyi mnaotunga na kusimamia sheria za kazi,

Salamu kwenu.

Ninayewaandikia si mgeni wa meza zenu. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuandaa orodha ya malipo ya mwezi: napokea madaftari ya mahudhurio kutoka kwa wasimamizi wa zamu, najumlisha saa, naingiza kwenye kompyuta, napeleka juu ikatiwe saini. Kwa hiyo haya ninayoyalalamikia nimeyafanya kwa mkono wangu mwenyewe. Nitaanza na la kwangu, kisha nije kwenu.

Faili nililokabidhiwa lilikuwa na safu moja iliyofichwa. Ndani yake mlikuwa na namba moja tu, 240. Mshahara wa mtu wa mwezi unagawanywa kwa 240, jibu linazidishwa kwa moja na nusu, na hapo umepata malipo ya saa moja ya ovataimu. Sikuuliza. Nilimkuta aliyenitangulia akifanya hivyo, naye alimkuta mwenzake. Mpaka siku moja mama mmoja wa zamu ya usiku alipokuja dirishani na daftari dogo la shule, saa zake zote zimeandikwa kwa penseli, tarehe kwa tarehe. Akaniambia, "Mwanangu, saa mmezihesabu sawa, hapo sina neno. Ila saa yenyewe mmeipunja."

Nilichukua kalamu nimwoneshe alipokosea. Aliyekosea nilikuwa mimi.

Fuateni nami hesabu yake. Tuseme mshahara ni 624,000, kwa sarafu yoyote mpendayo, na mkataba unasema saa 45 kwa wiki. Mwaka una wiki 52. Zigawe kwa miezi 12 upate wiki 4 na theluthi kwa mwezi. Zidisha kwa 45, unapata saa 195. Hizo ndizo saa mlizozinunua kwa mshahara ule. Kwa hiyo saa moja ya kawaida ni 3,200, na moja na nusu yake ni 4,800. Sasa rudini kwenye 240 yenu. Saa moja inakuwa 2,600, na moja na nusu yake 3,900. Kila saa ya ziada imeshapoteza 900 kabla ya kodi, kabla ya makato ya mfuko wa pensheni, kabla ya chochote. Halafu linganisheni hiyo 3,900 na thamani halisi ya saa ya kawaida, 3,200. Ni kama mara 1.22. Karatasi ya malipo imeandikwa moja na nusu, mfukoni imeingia moja na robo isiyotimia.

Na 240 imetoka wapi? Ni siku 30 mara saa 8. Maana yake tumemhesabia mtu kwamba yuko kazini kila siku ya mwezi, Jumapili na sikukuu zote zimo, hana hata siku moja ya kujinyoosha. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akikosa kazi siku moja bila ruhusa, faili letu lilikuwa na safu nyingine ya kumkata, na ile iligawa mshahara kwa siku 22. Wakati wa kukata, mwezi una siku 22. Wakati wa kulipa, una siku 30. Sidhani kuna aliyekaa akapanga hila hiyo. Lakini safu zote mbili ziliegemea upande mmoja, nami katika miaka yangu yote sikuona kosa la kigawanyo, yaani ile namba ya kugawia mshahara, lililompendelea mfanyakazi hata mara moja.

Msiniambie jambo hili ni la kitaalamu mno kuwekwa kwenye sheria, kwa sababu limeshawekwa. Kenya, katika amri yake ya jumla ya mishahara, wiki ya kawaida ni saa 52 na kigawanyo kimetajwa: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 225. Pigeni 52 mara wiki 4 na theluthi, mtapata 225 na ushee. Namba imeshikana na saa zenyewe. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina jedwali la kugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa saa, nalo linatumia wiki 4.333 zikizidishwa kwa saa za kawaida za wiki. Aliyeandika jedwali lile alijua vizuri ni wapi watu hupunjwa. Wengi wetu tunaosimamia malipo hatujawahi kulifungua. Tunajua "moja na nusu" kwa moyo, kwa sababu ndiyo inayotajwa kwenye mikutano na ndiyo mnayogombania na vyama vya wafanyakazi. Nusu ile inapiganiwa usiku kucha mezani, kisha asubuhi inarudishwa kimyakimya kupitia kigawanyo.

Sasa niseme neno juu ya kwa nini nyongeza hii ipo, maana nimeshasikia wakubwa wakiizungumzia kama zawadi, "tunawaongezea kidogo kwa kujituma". Haikuanza kama zawadi. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipofanya mkutano wake wa kwanza Washington, mkataba namba 1 kabisa uliopitishwa ulihusu saa za kazi viwandani: saa 8 kwa siku, 48 kwa wiki, na zikizidi, malipo yasipungue mara moja na robo. Marekani iliposaini sheria yake ya viwango vya kazi mwaka 1938, ikaweka moja na nusu, na kufikia 1940 wiki yenyewe ilishashushwa hadi saa 40. Ule ulikuwa wakati wa ukosefu mkubwa wa ajira. Wazo lilikuwa kumfanya mwajiri asite: saa ya 41 ya mtu huyu ikiwa ghali, ataona heri amwajiri mwingine. Nyongeza ni breki. Japani wameiongeza makali kadiri mtu anavyokwenda: asilimia 25 kwa saa za ziada, na zikipita 60 kwa mwezi inapanda hadi 50, sharti ambalo tangu Aprili 2023 linazibana hata kampuni ndogo.

Sasa fikirieni breki inayosuguliwa hadi 1.22. Mfanyakazi mpya ana gharama zake: kumtafuta, kumfundisha, bima, likizo, sare, michango. Mzee wa kazi akiongezewa saa hana gharama nyingine yoyote mpya. Hapo ovataimu haimsitishi tena mwajiri, inamvuta. Nimeona idara iliyokosa watu wawili kwa mwaka mzima na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuajiri, kwa sababu waliobaki walikuwa wakiziba pengo kwa bei ya chini kuliko ile ya kumleta mtu mpya. Kwenye taarifa ya mwaka jambo lile liliitwa ufanisi.

Na mwili nao una hesabu zake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016 pekee. Ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi ni kubwa kwa takriban asilimia 35. Kama afya haiwagusi, basi labda uzalishaji. Mchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alizirudia takwimu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akakuta kwamba aliyefanya saa 70 kwa wiki alizalisha karibu sawa na aliyefanya 56. Zile saa 14 za juu zilikwenda na maji. Nadhani kila aliyewahi kusahihisha Jumatatu makosa ya Jumamosi usiku analijua hili bila takwimu.

Nirudi kwenye madaftari, maana kigawanyo ni mlango mmoja tu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na saa ni mali. Lakini daftari la saa za ziada liko mikononi mwa nani? Kwa msimamizi wa zamu. Na msimamizi wa zamu anapimwa kwa nini? Kwa jinsi alivyobana ovataimu. Mmempa saa 40 za ziada kwa mwezi kwa idara nzima, na mmemwambia chochote kinachozidi hapo lazima kiombewe kibali mapema. Kazi ikizidi, saa haziwezi kuzidi, kwa hiyo daftari linajifunza kusema uongo. Nilikuwa nikipokea kurasa ambazo watu 18 wametoka saa 12 kamili jioni, siku zote za mwezi, hakuna aliyechelewa hata dakika 3. Mwandiko mmoja, kalamu moja. Nami nikigonga mhuri. Funika kombe mwanaharamu apite.

Ile hoja yenu kwamba "hakuomba kibali, kwa hiyo hatumlipi" haina miguu hata katika nchi zenye sheria zinazowapendelea waajiri. Sheria ya Marekani inahesabu kuwa kazi chochote ambacho mwajiri amekiagiza au amekiacha kifanyike akijua. Ukitaka mtu asifanye kazi baada ya saa, mtoe. Ukimwacha, ukachukua kazi yake asubuhi na kuitumia, umeinunua. Unaweza kumpa onyo kwa kukiuka utaratibu wa kibali. Huwezi kubaki na kazi na hela pia. Wajapani wana jina la saa kama hizi, sabisu zangyo, ovataimu ya kutoa huduma bure. Sisi hatujazipa jina. Tunaziita "kumalizia kidogo".

Hiyo "kidogo" nayo ina hesabu. Mfumo wenu wa kielektroniki wa mlangoni, ule mliosema utaondoa ubishi, umewekwa ukate dakika kwa robo saa, na mara zote ukate kwenda chini: aliyetoka saa 12 na dakika 14 ameandikwa saa 12. Tuchukue dakika 10 tu kwa siku. Kwa siku 22 ni saa 3 na dakika 40. Kwa miezi 11, tukiacha mmoja wa likizo, ni saa 40 na dakika 20. Ni karibu wiki nzima ya kazi kila mwaka, haikulipwa kwa moja na nusu wala kwa moja. Chovya chovya yamaliza buyu la asali, na buyu hili si la kwenu.

Kuna pia dakika ambazo mtu yuko kwenye himaya yenu lakini mnadai bado hajaanza au ameshamaliza: kupanga foleni ya kupekuliwa mlangoni, kusubiri kompyuta iwake, kukabidhiana zamu, kuvaa na kuvua vazi la kinga. Hapa nakiri kwamba mahakama hazijakubaliana. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia wafanyakazi wa maghala waliosema upekuzi uliwachukua dakika zipatazo 25 baada ya kazi. Mwaka 2020 ile ya jimbo la California, kwa sheria ya jimbo lake, ilisema muda wa kusubiri begi lipekuliwe ni muda wa kazi, lazima ulipwe. Mimi niko na California. Kipimo changu ni chepesi: kama huyo mtu angeondoka hapo bila ruhusa yenu angepata adhabu, basi muda ule si wake.

Mwaka 2019, tarehe 14 Mei, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotoka Hispania, iliamua kwamba nchi wanachama lazima ziwatake waajiri wawe na mfumo wa kupima muda wa kazi wa kila mtu kila siku, mfumo usioegemea upande, wa kuaminika na unaofikika. Sababu iliyotolewa inafanana na ya yule mama na penseli yake: bila kumbukumbu, mfanyakazi hana njia ya kuthibitisha saa zake, na haki isiyoweza kuthibitishwa haidaiki. Nimewahi kusikia waajiri wakisema mfumo kama huo ni mzigo. Lakini mnajua idadi ya karatasi zilizotoka kwenye mashine ya kuchapisha, lita za mafuta kwenye kila gari, na ni nani aliyefungua stoo saa ngapi. Ni saa za watu tu ndizo zilizobaki kwenye makadirio.

Juu ya vyeo sitasema mengi, mnajijua. Mtu anapewa jina la "meneja msaidizi", nyongeza ndogo, kadi ya kujitambulisha, na kuanzia siku hiyo hana ovataimu kwa sababu ni uongozi. Haajiri mtu, hafukuzi mtu, hapangi bajeti, na bado anafungua na kufunga mlango. Kanuni za Marekani zimeandika wazi kwamba jina la cheo peke yake halimwondolei mtu haki ya saa za ziada. Kinachotazamwa ni kazi anayoifanya na mshahara anaolipwa. Hata kwingine, mkijificha nyuma ya jina la cheo, mnajificha nyuma ya kadi tu.

Na wale mnaopenda kulipa kwa mapumziko badala ya fedha: sawa, wapo wanaopenda zaidi siku ya kupumzika, mimi nikiwamo. Lakini kama saa ya ziada ina thamani ya moja na nusu kwa fedha, mbona kwa mapumziko inakuwa saa moja kwa saa moja? Watumishi wa umma Marekani wanaolipwa kwa mapumziko hupewa saa moja na nusu kwa kila saa. Na mapumziko yawe na tarehe. "Utachukua kazi ikipungua" ni ahadi niliyoiona ikifa mara nyingi, hasa mtu anapoacha kazi na hakuna anayekumbuka anadai siku ngapi.

Niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana nimeandika kwa wino wa rangi moja. Wapo wafanyakazi wanaobarizi mchana ili kazi ilale hadi jioni, saa ya bei nzuri ifike. Nimewajua kwa majina. Wapo wanaozigombania zamu za sikukuu na kuwanunia wenzao wakizikosa. Lakini mtu akianza kuhesabu ovataimu kama sehemu ya kodi ya nyumba, tatizo haliko kwenye ovataimu. Mshahara wake wa kawaida haumfikishi mwisho wa mwezi, na ninyi mnalijua hilo, kwa sababu mnapomwajiri mnamwambia, "Mshahara ni mdogo lakini ovataimu zipo." Siku mkizifuta mnamshangaa anavyolia. Anayebarizi apewe onyo lake. Hiyo si sababu ya kumpunja yule anayefanya kazi kweli.

Ninachoomba si kikubwa. Karatasi ya malipo ioneshe saa za ziada ngapi, za siku zipi, kigawanyo gani kimetumika na malipo ya saa moja ni kiasi gani, badala ya ule mstari mmoja unaosema "nyinginezo". Mfanyakazi apate nakala ya saa zake kila wiki, zikiwa bado mbichi kichwani, aweke saini au akatae. Msimamizi asipimwe kwa ovataimu aliyoibana bila kupimwa pia kwa watu aliopungukiwa. Nanyi wakaguzi wa kazi, mkija maofisini msiridhike kuoneshwa sera ya saa za ziada. Sera zote ni nzuri. Ombeni faili lenyewe, fungueni safu zilizofichwa, mtafute namba.

Kuhusu malimbikizo. Nilipopeleka suala la 240 juu, sikufukuzwa wala sikutukanwa. Nilisikilizwa, nikaambiwa ni hoja nzuri, na kuanzia mwezi uliofuata kigawanyo kikabadilishwa kuwa 195. Juu ya miezi iliyopita hakukuwa na jibu. Nilikumbusha mara mbili. Mara ya pili niliambiwa tusifukue mambo.

Yule mama alikuwa na daftari la miaka mitatu. Wastani wake ulikuwa saa 28 za ziada kwa mwezi. Mshahara wake halisi sitautaja, lakini tukitumia ule wa mfano wetu, 900 kwa saa mara 28 ni 25,200 kwa mwezi, na kwa miezi 36 ni 907,200. Ni karibu mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Alipokuja dirishani mara ya mwisho nilimwambia kwamba kuanzia sasa hesabu imenyooka. Akauliza, "Na ya nyuma?" Swali hilo nililipeleka juu wakati ule, na leo nalileta kwenu wote, na daftari lake bado lipo.

Wenu,
Aliyekuwa mwandaaji wa orodha ya malipo